Kabla ya Kumwekea Mtoto Filamu ya Midoli, Sikiliza Nyimbo Zake

Linapokuja suala la filamu za katuni zilizotokana na midoli, wazazi ninaowafahamu wako makundi mawili. Wapo wanaozipiga marufuku nyumbani kwao kwa hoja kwamba ni matangazo ya biashara yaliyorefushwa. Wapo wanaoziwasha ili mtoto atulie, wao wapate kumaliza kazi zao. Wote wana sababu zao na sina ugomvi nao. Mimi huketi nikazitazama, maana nina binti anayezipenda kuliko usingizi, na mdogo wake wa kiume anayezitazama kwa kisingizio kwamba amekosa la kufanya.

Katika kukaa huko nimeokota njia moja ya kuzichagua ambayo namshauri mzazi yeyote: zisikilize nyimbo kabla hujaitazama picha. Nyingi ya filamu hizi ni za muziki, mhusika akizidiwa na jambo anaanza kuimba, na nyimbo zake hutolewa pia peke yake kama albamu. Weka nyimbo tatu nne ukiwa unapiga pasi au unaosha vyombo. Kila wimbo ukiisha, jiulize mwimbaji alianzia wapi na ameishia wapi. Kama alianza akiwa na woga na amemaliza akiwa amekata shauri, kama walianza wakiwa hawajuani na wamemaliza wakiwa marafiki, basi wimbo huo una kazi ndani ya hadithi. Ukiuondoa, hadithi inakatika. Kama umezunguka palepale ukisifia urafiki, mapambo na rangi, na ungeweza kuhamishiwa filamu nyingine yoyote bila mtu kushtuka, ujue umesikiliza tangazo lenye kiitikio.

Mfano ninaoupenda ni Barbie as the Princess and the Pauper. Ilitoka mwaka 2004, ikaenda moja kwa moja kwenye kanda na DVD za kutazama nyumbani, na ndiyo ya kwanza katika mfululizo wa filamu za Barbie kutengenezwa kama tamthilia ya muziki. Hadithi imeazimwa kwa Mark Twain, ambaye riwaya yake ya mwana wa mfalme na mtoto maskini waliobadilishana nafasi ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1881. Hapa wavulana wamegeuzwa wasichana. Anneliese ni binti wa malkia. Erika ni mshonaji kwenye duka la nguo la Madame Carp, mwanamke mwenye roho ya kutu, na hana ruhusa ya kuondoka pale mpaka amalize kulipa deni la wazazi wake. Anneliese naye ataozwa kwa mfalme wa nchi jirani asiyemjua, kwa sababu machimbo ya dhahabu yamekauka na hazina imebaki tupu.

Wasichana hawa wanakutana mjini, na hapo ndipo panapokuja wimbo ambao ningemwekea mzazi yeyote anayedharau filamu za aina hii. Wanalinganisha siku zao kuanzia asubuhi. Huyu anaeleza anavyohudumiwa, huyu anaeleza anavyohudumia. Mstari mmoja ni wa huyu, unaofuata ni wa yule, na muziki unawapa zamu kama watu wanaosukuma bembea. Polepole mistari inaanza kufanana, kisha wanaimba pamoja. Wimbo ukiisha, watu wawili waliokuwa hawajuani wako tayari kubadilishana maisha, na mtazamaji anaona ni jambo la kawaida kabisa. Mtungaji wa mazungumzo ya kawaida angehitaji kurasa na kurasa kukufikisha hapo.

Binti yangu alipousikia aliniuliza, “Baba, sasa hapo nani ana bahati?” Nikamrudishia swali, wewe unaonaje? Akafikiri, akasema wote wana paka, kwa hiyo ni sare. Ni kweli, wote wana paka, na paka wa Erika anabweka kama mbwa, ana wimbo wake kabisa wa kumwambia asijali kuwa tofauti. Mdogo wake alibweka wiki nzima.

Kuna mambo mengine mawili katika filamu hiyo ambayo mzazi aliyekaa jikoni atayakosa. La kwanza ni kwamba ufalme hauokolewi na ndoa. Anneliese anapenda sayansi, mwalimu wake Julian amemfundisha habari za mawe, na mwishowe kinachoinua nchi ni mawe yaliyokuwa yakitupwa na wachimbaji: nje ni ya kawaida tu, ukiyapasua ndani yamejaa fuwele. Mawe ya namna hiyo yapo duniani kweli, hujitengeneza ndani ya matundu ya miamba, maji yenye madini yakipenya kidogo kidogo kwa muda mrefu. Tulitafuta picha zake siku iliyofuata na binti yangu hadi leo huokota mawe njiani. La pili ni Erika. Mfalme anamtaka, naye anampenda, lakini kwanza anakwenda zake kuimba duniani, harusi inasubiri. Kwa filamu iliyotengenezwa ili kuuza midoli yenye magauni, hilo si dogo.

Nasema kuuza midoli kwa sababu hakuna haja ya kumficha mtoto wala kujificha sisi wenyewe. Barbie alizinduliwa na kampuni ya Mattel kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini New York Machi 1959, wazo likiwa la Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Filamu zake za kompyuta zilianza mwaka 2001, na ile ya kwanza ilitumia muziki wa Tchaikovsky uliopigwa na London Symphony Orchestra, huku wachezaji wa New York City Ballet wakinaswa miondoko yao kwa kamera na kuhamishiwa kwenye miili ya wahusika. Mwaka huohuo wa 1959, huko Denmark, mkata mbao anayeitwa Thomas Dam ndipo alipoanza kutoa midoli yenye nywele zilizosimama wima. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2013, DreamWorks Animation ikanunua haki zake, na mwaka 2016 ikatoka Trolls. UglyDolls ya mwaka 2019 nayo imetokana na midoli ya kitambaa iliyoanza kama mchoro ambao David Horvath aliuweka kwenye barua kwa mpenzi wake Sun-Min Kim, naye akaushona ukawa mdoli.

Kwa hiyo biashara ipo kwenye mizizi. Swali la mzazi ni kama juu ya mizizi hiyo kumeota kitu, na ndiyo maana narudi kwenye masikio.

Chukua Trolls. Ukiitazama bila kusikiliza utaona rangi zinazochosha macho. Nyimbo nyingi si mpya, ni vibao vya zamani vilivyopambwa upya, na mtu mwenye haraka atasema wamechukua njia ya mkato. Lakini sikiliza nani anaimba na nani haimbi. Kijiji kizima cha Trolls kinaimba, isipokuwa Branch, ambaye ni wa kijivu, amechimba handaki lake na kujifungia humo akisubiri maafa. Poppy, binti mfalme wa kijiji hicho, anapopiga kinanda chake kidogo cha nyuzi usiku porini na kuimba wimbo wa watu wazima kuhusu ukimya, Branch anamwomba akiazime, anakitupa motoni. Watoto wangu hucheka mpaka wanashika matumbo. Baadaye kidogo tunaambiwa sababu: alipokuwa mtoto alikuwa akiimba, hakusikia hatari ikija, na bibi yake akachukuliwa na majitu yanayokula Trolls. Tangu hapo hakuimba tena. Kicheko cha motoni kinageuka uzito, na mtoto anauelewa bila mtu kumhubiria.

Halafu inafika pale ambapo wote wamefungiwa ndani ya sufuria, Poppy amekata tamaa, na rangi zimewatoka mmoja baada ya mwingine mpaka wote wamekuwa kama Branch. Ni yeye, asiyeimba, anayeanza kuimba, taratibu, karibu kwa kunong’ona. Ukifunga macho utasikia sauti inayojaribu kukumbuka kazi yake. Ukifungua utaona rangi zinarudi. Kwa kipimo changu cha mwimbaji alianzia wapi na ameishia wapi, hapo filamu imefaulu kwa alama za juu, ingawa wimbo wenyewe ulikuwepo miaka mingi kabla yake.

Nikigeukia upande wa pili, zipo filamu za midoli ambazo nimezima mapema, na sitazitaja. Dalili zake ni zilezile. Wimbo wa kwanza unatambulisha kikundi cha marafiki, kila mmoja na rangi yake na kipaji chake, kama orodha ya bidhaa. Wimbo wa pili unasema jiamini. Wimbo wa tatu unasema jiamini kwa sauti ya juu zaidi. Kati ya nyimbo wanabadili mavazi. Mtoto hatadhurika na filamu hiyo, lakini ukimuuliza kesho yake ilihusu nini, atakutajia rangi.

Na hapa kuna mtego. Wimbo kunasa kichwani si ushahidi wa ubora. Kunasa ni ufundi wa kiitikio kifupi kinachorudiwa, na unaweza kufanyiwa wimbo wowote. The Lego Movie ya mwaka 2014, ingawa si tamthilia ya muziki kamili, ilifanya mzaha mzuri juu ya jambo hilo: wimbo wake maarufu unaosema kila kitu ni kizuri mno ndio ambao watawaliwa wanapigiwa kutwa ili wasiulize maswali, na shujaa wetu Emmet anauimba kwa furaha bila kushtuka. Filamu inakucheka wewe uliyeanza kuuimba. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, hilo ni somo zuri kuliko hotuba yangu yoyote. Muulize tu: kwa nini bwana mkubwa anapenda watu waimbe wimbo huu? Kisha nyamaza, mwache ahangaike nalo.

Sasa suala la kununua. Mtoto akimaliza filamu atakuomba mdoli, hilo ni la uhakika kama kuchwa kwa jua. Kikosi kazi cha chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2004 kwamba watoto wa chini ya miaka minane kwa kawaida hawajakomaa kiakili kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalichukua kama habari ya kweli. Sweden imepiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayoweka kikomo cha dakika za matangazo katika vipindi vya watoto. Lakini sheria za namna hiyo hushughulikia zaidi matangazo yanayowekwa katikati au pembeni ya kipindi. Filamu ambayo yenyewe ndiyo tangazo inabaki mikononi mwako.

Ninachofanya ni kumwambia mtoto waziwazi kabla ya kubonyeza: hii hadithi ilitengenezwa na watu wanaouza midoli hii, kwa hiyo tutaangalia mahali wanapojaribu kutuuzia. Ukisema hivyo kwa uso wa mchezo, bila kununa, mtoto anageuka mpelelezi. Tuna kanuni ya kugundua: kitu kikibadilika rangi, au mtu akibadili gauni au kupata gari jipya, na hadithi haikuhitaji, anayeona kwanza anapaza sauti “Dukani!” Siku moja farasi fulani aligeuka kutoka mweupe hadi wa zambarau bila sababu yoyote, na mwanangu wa kiume, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka chini ya blanketi, “Dukani. Wanataka tununue wawili.” Hakuna aliyemfundisha maneno hayo ya pili.

Usifanye mchezo huo wakati wa nyimbo nzuri, tafadhali. Utaua utamu. Na usiufanye kila mara, maana mtoto atachoka na kejeli za mzazi kuliko alivyochoka na tangazo.

Kuhusu ombi lenyewe, sikatai papo hapo na sikubali papo hapo. Nasema tutaongea nyimbo zikishazoeleka. Mtoto akiendelea kuimba na kuigiza hadithi ile baada ya siku nyingi, kwa midoli aliyo nayo, kwa soksi, kwa vijiko, basi filamu imemwingia, na mdoli mmoja akipatikana atakuwa na kazi ya kufanya. Asipoimba tena, ombi nalo huwa limekufa kifo chake. Mara nyingi huwa limekufa. Binti yangu alicheza hadithi nzima ya Anneliese na Erika kwa chupa mbili za plastiki, moja amezungushia kitambaa cha njano na nyingine cha kahawia, na alipopewa mdoli halisi na shangazi yake aliutazama, akauliza sasa huyu Erika wake yuko wapi, akarudi kwenye chupa. Hadithi yenye watu wawili haichezeki na mdoli mmoja. Watengenezaji walijua hilo vizuri kabisa.

Muda wa kutazama nao una hesabu zake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja mbele ya skrini kwa siku, na wa chini ya hapo bora asiwe nayo kabisa. Ile ya Anneliese ina takriban dakika 85, Trolls inafika dakika 92. Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka mitatu au minne filamu nzima ni ndefu mno kwa mkao mmoja, achilia mbali kwamba hawezi kuifuata. Igawe. Mahali pa kukata ni mara tu wimbo unapoisha, kwa sababu hapo jambo limekwisha na jingine halijaanza; mtoto anakubali kuzima bila vita. Ukikata katikati ya wimbo utapata kilio ambacho nakuambia kabisa kitakuwa cha haki. Kesho yake anza kwa kurudia wimbo ule wa mwisho, atakumbuka walipoishia.

Na ataomba kurudia. Jamani, mwacheni arudie. Mtu mzima anatazama filamu ili ajue itaishaje. Mtoto mdogo anaitazama tena kwa sababu anajua itaishaje, na raha yake ni kufika kule kabla ya wahusika. Kila marudio husikia neno jipya. Kama wewe umechoka, geuza marudio kuwa ya masikio: weka albamu bila picha, mtoto acheze yeye mwenyewe. Wimbo usio na picha humwinua mtoto kwenye kiti, na hilo halihesabiki kwenye saa za skrini.

Kuna mchezo mwingine wa masikio ambao naupendekeza kwa watoto walioanza shule. Katika filamu hizi, anayezungumza na anayeimba wakati mwingine ni watu tofauti. Ile ya mwaka 2004 ina mfano wa kustaajabisha: mtu mmoja, Kelly Sheridan, ndiye anayewazungumzia Anneliese na Erika wote wawili, lakini wanapoimba, Anneliese anaimbwa na Melissa Lyons na Erika na Julie Stevens. Sauti moja inagawanyika mbili kila muziki unapoanza. Mwambie mtoto asikilize pale maneno yanapogeuka wimbo. Watoto wana masikio makali kuliko yetu, atakuonyesha mshono ulipo. Kisha mweleze kwamba sauti hizo hurekodiwa kwanza studio, na wachoraji ndio wanaofuata nyuma, wakiifinyanga midomo ya wahusika silabi kwa silabi kuendana na mwimbaji, picha 24 kwa kila sekunde. Mtoto aliyedhani mdoli unaimba ataanza kuuliza habari za watu, na maswali ya habari za watu ndiyo ninayoyataka mimi.

Wabaya wa hadithi wanastahili neno. Wazazi wengi husogeza mbele sehemu za kutisha. Kama mhusika mbaya anaimba, usisogeze. Preminger, mshauri wa malkia anayemteka Anneliese, ana wimbo wa kujigamba ulioimbwa na Martin Short, na ni wa kuchekesha kiasi kwamba hofu inakosa pa kukaa. Mtoto anayeweza kuimba wimbo wa adui ameshamdhibiti. Wa kuangaliwa ni wabaya wasioimba, wanaonyemelea kimya kwa muziki wa chini. Hapo ndipo binti yangu huniingia kwapani. Yale majitu ya kwenye Trolls yanatisha kwa jambo wanalolifanya, kula viumbe wanaocheka, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu mwelekeze mapema kwamba hadithi itageuka. Bridget, msichana wa jikoni wa majitu hayo, ndiye atakayeigeuza, naye anaimba.

Kwa wenye watoto wa miaka saba kwenda juu, ningeongeza My Little Pony: A New Generation, iliyotoka Netflix Septemba 2021. Midoli yake ni ya Hasbro na imekuwepo tangu miaka ya themanini. Humo farasi wa kawaida, wenye pembe na wenye mabawa wametengana na kuogopana, na kwenye mji wa farasi wa kawaida kuna kiwanda kinachotengeneza na kuuza vifaa vya kujikinga na wale wengine. Biashara ya hofu, ndani ya filamu ya kampuni ya vitu vya kuchezea! Kuna wimbo wa hatari ambao farasi mmoja mwoga, Sprout, anauimba mbele ya umati. Pima kwa kipimo kilekile: umati unaanza ukiwa na wasiwasi tu, unamaliza ukiwa genge lenye hasira. Yeye anaanza akiwa hana lolote, anamaliza akiwa kiongozi. Binti yangu alisema, “Amewadanganya kwa ngoma.” Tuliisimamisha hapo tukazungumza mpaka uji ukapoa.

Wavulana waachwe watazame. Nimewahi kuambiwa na mgeni mmoja kwamba mwanangu anaharibika kwa kutazama mambo ya kike. Mwanangu anachotazama ni paka anayebweka na mzee mwenye kiburi anayeishia pabaya. Anajua pia kwamba mawe yanaweza kuwa na fuwele ndani. Sikuona haja ya kubishana zaidi ya hapo.

Kama lugha ya filamu si lugha ya nyumbani, usitafsiri wakati wimbo unaendelea. Utakuwa kelele ya tatu juu ya sauti na ala. Eleza kwa sentensi moja kabla haujaanza: “Sasa anaogopa, anataka kwenda, haruhusiwi.” Inatosha. Muziki utamalizia. Mtoto akipenda wimbo, atakuuliza mwenyewe kila mstari una maana gani, na siku hiyo kaeni na maneno yaliyoandikwa, mstari mmoja mmoja.

Mkishamaliza hizo na mtoto amefika miaka minane tisa, Trolls World Tour ni hatua nzuri ya kufuata. Ilitoka Aprili 2020, wakati majumba ya sinema yamefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo familia nyingi ziliikodi na kuitazama nyumbani. Inamweleza mtoto kwamba kuna falme sita za muziki, wa pop, roki, funki, tekno, kantri na wa okestra, na malkia wa roki anataka zote zipige wa kwake tu. Kama hadithi, naiona imelegea kuliko ile ya kwanza. Kama kisingizio cha kumfungulia mtoto aina sita za muziki baada ya filamu, sijapata nyingine. Chagua aina moja kila juma, tafuta wapigaji wake wa kweli, sikilizeni.

Na majina yanapoanza kupanda mwishoni, usikimbilie rimoti. Mwambie mtoto atafute ni nani ameandikwa kwenye kuzungumza na ni nani kwenye kuimba. Anayejifunza kusoma atapata mazoezi, na asiyejua atacheza, kwa sababu wimbo wa mwisho huwekwa hapo kwa ajili hiyo.